Apolinaria Akataa Mumewe Azikwe

Ndugu zangu wa Unyamwezi, haya ninayowaeleza yalitokea zama za Mwingereza, katika kijiji kisicho mbali na Tabora, kando ya njia waliyopita wapagazi wa zamani. Hapo aliishi mkulima Kasimiri na mkewe Apolinaria, watu wa kanisa na wa kazi.

Jioni moja ya mavuno walikaa uani wakimenya karanga, Kasimiri akiwatania watoto wao wawili. Apolinaria akampakulia ugali na mlenda. Kasimiri alikula matonge machache tu, kisha akashika ubavu wa kushoto.

“Mama Flavia, kizunguzungu kimenishika,” alisema, akajilaza mkekani. Majirani walipofika, alikuwa amekwisha kukata roho.

Lugembe, kaka wa marehemu, alitazama chungu cha mlenda. “Ndugu yangu alikuwa mzima. Huyu mwanamke amemlisha sumu.”

Kulipokucha, wanawake waliolia na Apolinaria walikuwa wamemhama. Lugembe aliwachukua watoto, na vijana wakang'oa nyasi za paa lake. Ninyi mnaonisikiliza, tazameni jinsi neno lisilo na ushahidi linavyobomoa nyumba.

Kaburi lilipokuwa tayari, Apolinaria alisimama mlangoni mbele ya maiti.

“Shikamoo, mwanangwa,” alimwambia Nikolaus, mkuu wa kijiji.

“Marahaba.”

“Mume wangu hazikwi mpaka daktari wa serikali amfungue.”

“Binti, unataka apasuliwe kama mbuzi?”

“Naumia kuliko ninyi nyote. Lakini mkimzika hivi, wanangu watakua wakiniita muuaji. Mkikataa, naenda bomani sasa hivi.”

Nikolaus akaamuru maiti ibebwe mpaka hospitali ya Tabora.

Daktari alipomaliza kazi yake, aliwaita Apolinaria, Lugembe na Nikolaus. “Bandama lake, hapa chini ya mbavu za kushoto, lilikuwa limevimba kwa homa za miaka mingi. Limepasuka, damu imejaa tumboni. Je, alipigwa, au alianguka?”

Apolinaria hakujua. Lugembe alitazama sakafu. “Sumu haionekani kwa macho,” alijibu.

“Kweli,” alisema daktari. “Ndiyo maana sitakisia.” Alitia sehemu ya tumbo katika chupa, akaifunga kwa lakiri, ile nta ya muhuri, ikapelekwa kwa treni hadi Dar es Salaam kwa mkemia wa serikali. Kasimiri akazikwa.

Wakati wa kungoja, Apolinaria alihifadhiwa Kanyenye, mtaa wa Tabora, na Bimdogo, mjane wa Kiislamu aliyeuza vitambaa. Mara kwa mara alitembea mpaka kijijini kuwaona wanawe. Alifukuzwa, akarudi tena. Alitukanwa, akarudi.

“Pumzika, mwanangu,” Bimdogo alimsihi.

“Nikipumzika, Bibi, wataamini nimekubali.”

Hatimaye jibu lilifika: hakuna sumu yoyote. Nikolaus aliita baraza, akarudia swali la daktari. Safari hii Lugembe alishindwa kunyamaza.

“Mchana ule, mimi na marehemu tulikuwa tukiwafunga maksai wangu kwenye mkokoteni. Mmoja akampiga pembe ubavuni. Alianguka, akainuka akicheka, akaniomba nisimtie mkewe wasiwasi.”

“Mbona hukusema?” Nikolaus aliuliza.

“Niliogopa mtasema mimi na ng'ombe wangu ndio tuliomuua.”

Apolinaria akasema, “Shemeji, ungesema siku ile, tungemlilia pamoja. Sasa nirudishie wanangu. Kisha njoo na vijana wale wale mniezekee nyumba.”

Lugembe alifanya hivyo, akapanda paani yeye mwenyewe. Watoto wakarudi. Lakini siku ya kwanza mama alipowapakulia chakula, Flavia, mtoto mkubwa, hakunyoosha mkono.

“Anza wewe, mama,” alisema.

Apolinaria akamega tonge, akala mbele ya mtoto wake. Alifanya hivyo kila mlo, bila kumkemea, mpaka mavuno mengine yalipoingia ndipo Flavia akaanza kula bila kungoja.

MAFUNZO

Kifo cha ghafla kina sababu, na sababu hutafutwa, haibuniwi. Tusione aibu daktari wa serikali kuichunguza maiti, maana uchunguzi huo humwokoa asiye na hatia na humfichua mwenye hatia. Anayejua jambo alitamke mapema, hata kama linamgusa yeye mwenyewe. Na anayetaka kumwita mwenzake muuaji akumbuke kwamba hata ukweli ukidhihirika, moyo wa mtoto hauponi siku hiyo hiyo.