Jino Adai Haki Yake

Jumamosi ile mjalidi vitabu alikaa kitini, kiti kikalia kana kwamba kimekaliwa na watu wawili. Na mjalidi mwenyewe ni mwembamba jamani, upepo ukizidi anashika mlango! Mkewe akacheka. Kaka wa mkewe, waliyemwita Msimulizi, hakucheka hata kidogo.

Kila Jumamosi mchana watatu hao walicheza mchezo wa mashujaa pale karakana, kwenye meza ya kujalidia. Msimulizi alitunga safari na maadui. Wenzake waliandika mashujaa wao kwenye karatasi, na dadu la pande ishirini likaamua nani apone. Shujaa wa mjalidi aliitwa Jino, mpiganaji nusu mtu nusu zimwi, mwenye shoka na chonge mbili zilizochomoza mdomoni.

Sasa, Msimulizi hurusha dadu lake nyuma ya kadibodi, akiliona peke yake. Ndiyo desturi, na wenzake wanamwamini. Wiki iliyopita, wivu ukimtafuna kwa jinsi Jino alivyoshinda kila pambano, aliona mbili kwenye pigo la adui akatangaza ishirini, pigo la kuua. Jino akafa. Mjalidi, mtu mzima na ndevu zake, alitokwa na machozi.

"Mume wangu, vipi?" mke alinong'ona.

Harufu ya gundi ilimezwa na harufu ya ngozi mbichi, na pumzi nzito ikaanza kukwaruza kifuani mwa yule mwembamba, ikipanda na kushuka mpaka mikasi ikatetemeka mezani, na taya lake likasogea mbele kidogo kidogo, likilia kama mlango wenye kutu, huku macho yake yamemganda Msimulizi.

"Mumeo nimemkalia," sauti ngeni ikasema. "Nilikuwa jini nisiye na makao. Akaniandikia jina, nikakaa humo, nikapendwa. Halafu nikauawa. Aliyeniua aseme dadu lilionyesha ngapi. Akisema kweli, namwachia mumeo. Nauliza mara moja tu."

"Kaka, mwambie basi! Mwambie!"

Msimulizi alimtazama dada yake. Huyu ni mdogo wake, amemlea tangu wazazi wao wafariki, naye hajawahi kumwona kaka yake akidanganya. Akaona aibu. Aibu ya mchezo, hebu fikiria!

"Ishirini," akasema.

Pumzi ikatulia. Mjalidi akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa lake.

"La, la! Mbili!" Msimulizi akapiga magoti. "Ilikuwa mbili! Nilidanganya, mwachie shemeji yangu!"

"Sikukuuliza mara ya pili." Jino aliinuka, akamshika mwanamke mkono kwa upole uleule wa mumewe. "Mimi uliniua. Sasa utanitazama nikiishi. Twende nyumbani, mke wangu."

Mwanamke aliuchomoa mkono. Hakukimbilia mlangoni. Alimrukia kaka yake, akamkaba shati kwa mikono miwili.

"Neno moja, kaka! Neno moja tu lilikushinda!"