Udongo wa Chini ya Mlizamu

Ilianza na glasi moja ya maji. Jumanne ya pili ya Mei, saa sita na nusu mchana, wageni wanne walikaa meza ya kona katika chumba kipya cha mkahawa, na Delfina akawawekea glasi nne zilizojaa. Aliporudi na sahani, glasi iliyokuwa karibu na ukuta ilikuwa tupu na kavu, bila hata kipande cha barafu. Mgeni mwenyewe aliapa hajaigusa. Delfina akacheka, akasema hewa ya Santa Fe inakunywa kuliko watu, akaijaza tena.

Nyumba ilikuwa ya ukoo wa Archuleta tangu babu wa babu. Reinalda, mama yake Delfina, aliigeuza mkahawa miaka kumi na tisa iliyopita, mtaa ulipokwisha kugeuka wa maduka ya picha na watalii wakawa wanatafuta pa kula. Kwenye kuta alitundika kazi za wachoraji wa jirani. Jikoni alibaki mama yake mzazi, Bi Cleofas, mwenye miaka themanini na miwili, ambaye hakukubali mtu mwingine aguse sufuria ya pilipili nyekundu. Mgeni akiuliza ipi kali zaidi, nyekundu au ya kijani, Bi Cleofas alimjibu kwa sauti kutoka jikoni kwamba anayeuliza apewe maziwa.

Chumba kipya kilimalizika mwezi wa Aprili. Reinalda alikikandika mwenyewe kwa mikono, kama wanawake wa kwao walivyokandika siku zote, lakini udongo ulimwishia ukuta wa mwisho ukiwa nusu. Siku hizo Bi Cleofas alikuwa Albuquerque akitibiwa macho. Upande wa kaskazini wa nyumba, chini ya mlizamu unaomwaga maji ya dari mvua inyeshapo, palikuwa na udongo mwekundu, laini kama unga. Tangu utotoni Reinalda alikatazwa na mama yake kuchimba pale, kwa maelezo kwamba msingi utalegea. Aliona ndoo sita haziwezi kulegeza msingi wa nyumba. Aliuchekecha udongo. Vipande vichache vyeupe vilivyobaki juu ya chekeche alidhani ni chokaa ya zamani. Akavisaga kwa kisigino, akavichanganya pamoja na majani makavu ya ngano, akaumaliza ukuta.

Baada ya ile glasi yakafuata maua. Yakiwekwa asubuhi, adhuhuri yalikuwa yamekauka hadi mashina. Picha ya bonde iliyochorwa kwa rangi za maji ilipauka upande mmoja, ule uliogusa ukuta, na mchoraji wake akaja kuiondoa bila kusema neno. Kisha ikaja harufu ya mvua inapoangukia vumbi. Wageni waliacha kula wakageukia dirishani, na nje kulikuwa na jua kali na miezi mitatu bila tone. Bi Cleofas alipoisikia harufu ile kwa mara ya kwanza alitoka jikoni haraka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi polepole.

Delfina alikuwa na mtoto wa wiki kumi na moja, Aurelia. Kati ya saa nane na saa kumi, wageni wakiwa wameondoka, alimnyonyesha katika chumba kile kwa kuwa ndicho kilichokuwa na ubaridi. Mwanzoni mwa Juni maziwa yake yalipungua, kisha yakakatika. Wakampa mtoto chupa. Chupa iliisha, na mtoto akaendelea kulia kwa kiu, midomo imepasuka, utosi umebonyea.

Alasiri moja Reinalda aliingia peke yake kuchukua kikapu cha mtoto, na alipoinama akasikia kitu nyuma yake, sauti ndogo ya kufyonza, ya kitu kisichojua vizuri kufyonza, kinachovuta na kupoteza na kuvuta tena, na alipogeuka hakuona mtu, aliona tu ukuta wake mwenyewe, na pale kwenye usawa wa goti, katikati ya udongo uliokauka tangu Aprili, doa bichi lenye ukubwa wa sarafu, ambalo lilijibana, likafunguka, likajibana, mara saba kwa hesabu yake, kabla miguu yake haijakubali kumtoa chumbani.

Jioni ile Delfina alimkimbiza mtoto hospitali, wakalazwa. Asubuhi alipiga simu akinong'ona. "Mama, wamemtundikia maji ya mshipani. Mfuko mzima umekwisha kwa dakika tisa. Daktari anatazama sakafuni kama umevuja. Na mtoto bado mkavu."

Reinalda alifunga mkahawa, akaenda kumchukua Bi Librada, mganga anayekaa kijiji cha jirani cha Agua Fría, ambaye mama yake na mama wa Bi Cleofas walikuwa marafiki. Bi Librada aliingia na fungu lake la majani ya kufukiza, lakini hakulitumia. Alipiga magoti, akaweka sikio ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alizungumza kwa sauti ya chini.

"Jini la kufukuzwa nalijua, lina kiburi. Huyu hana. Ana kiu tu, na hana jina ambalo mtu anaweza kumwita ili aondoke. Udongo huu umeutoa wapi, Reinalda?"

Reinalda alimwambia. Ndipo waliposikia mtu akiketi chini, mlangoni. Alikuwa Bi Cleofas, na unga bado mikononi.

Aliwaeleza bila kulia, kama anayesoma. Alikuwa na miaka kumi na sita, hana mume. Mtoto wa kiume alizaliwa kabla ya mapambazuko, midomo ya buluu. Mkunga alisema padri hatawahi, lakini yeyote anaweza kumwagia maji na kutamka maneno, na afadhali awe mama mwenyewe. Jagi lilikuwa mezani.

"Sikumwagia," alisema. "Kumwagia ilikuwa kukubali kwamba anakufa. Nililifunika jagi kwa kitambaa. Nikasema atakunywa kwangu. Hakuweza kunyonya. Alijaribu mpaka adhuhuri."

Padri hakuruhusu azikwe makaburini bila ubatizo. Mama yake Bi Cleofas akamzika chini ya mlizamu, ili kila mvua itakayotoka juu ya dari ifanye kile ambacho binti yake hakufanya. Ilikuwa miaka sitini na sita, katika mji ambao mvua zake zinahesabika, na Bi Cleofas hakuikosa hata moja. Wajukuu walimcheka kwa kutoka nje kila iliponyesha.

"Nilikwambia usichimbe," alimwambia Reinalda.

"Ulisema ni msingi, Mama."

"Ulikuwa msingi."

Bi Librada alijaza jagi la jikoni, akamletea. "Sasa mmwagie, dada."

Bi Cleofas hakulipokea. "Nikimwagia ataondoka."

"Ndiyo. Ataondoka."

"Na mimi? Mvua ikinyesha nikasimame wapi?"

Reinalda alimshika bega, akasema taratibu kwamba Aurelia amelala hospitalini, utosi umebonyea. Bi Cleofas alitazama mikono yake, akaipangusa unga kwenye aproni, kidole kwa kidole. Kisha akachukua jagi.

Maji ya kwanza yaliingia ukutani yote, sakafu haikulowa. Jagi la pili vilevile, na la tatu, na sauti ile ndogo ikaanza kuvuta kwa pupa, ikikwama na kuvuta, mpaka Reinalda akaziba masikio na Bi Librada, aliyezoea mengi, akarudi nyuma hadi mlangoni, huku bibi mzee akizidi kusogea, paji la uso likigusa udongo, midomo ikitikisika kwa neno ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mtu.

"Nicanor," alisema. "Nakubatiza, mwanangu." Akamalizia maneno yaliyobaki, akamwaga jagi la nne.

Maji hayo yalitiririka chini kama maji ya kawaida, yakasambaa hadi kwenye viatu vyao. Udongo ukalegea, ukateremka wote, yakabaki matofali matupu. Hapakusikika tena kitu.

Baada ya robo saa simu ililia. Delfina alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Amekojoa, Mama. Amelowesha mashuka yote ya watu."

Jioni, Bi Cleofas aliomba kitabu cha sala cha ukoo, ambacho kurasa zake za mwisho zimeandikwa waliozaliwa na waliokufa. Alimwonyesha Reinalda mahali, juu ya majina ya watoto wake wengine wote. Reinalda akaandika jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha akasogeza kalamu kwenye safu ya pili, ya kufa. Tarehe ilikuwa ileile.

Mama yake aliufunika mstari kwa kiganja. "Hiyo usiandike leo. Nitakwambia."

Hakumwambia. Alikufa Februari iliyofuata, na Reinalda akaandika tarehe zake zote mbili kwa uangalifu. Watoto wa Bi Cleofas waliokuwa hai wamekufa pia sasa, isipokuwa Reinalda, na tarehe zao za kufa zimejazwa. Katika ukurasa ule, waliobaki bila tarehe ya pili ni Reinalda na Nicanor tu.