Bahasha Isiyo na Jina

Lori la kutoka Voi halikuja Jumatatu. Jumanne pia halikuja. Kabichi za Mable zilikaa kando ya barabara ya Mwanda, zimefunikwa kwa majani ya migomba, zikaanza kunuka. Jumatano alimpa ng'ombe nusu ya mzigo.

"Ng'ombe wetu anakula vizuri kuliko mwalimu mkuu," alisema Donald, mumewe. Hakucheka. Alikuwa ameshateremsha sanduku lake la bati kutoka darini. "Mvua ikiisha, naenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Shamba hili limetushinda."

Mable alimsogezea ng'ombe kabichi nyingine. Tangu alipoacha shule darasa la tano, alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini neno Mombasa lilimtisha. Baba yake pia alienda Mombasa kwa mwaka mmoja tu. Hakurudi.

Mwaka uliopita Mable alijaribu tenda. Hospitali ya serikali huko Voi ilitaka mtu wa kuleta mboga mwaka mzima. Aliandika barua kwa mwandiko wake mzuri. Bahasha ilirudi haijafunguliwa. Hakujua kosa lake, na aliona haya kuuliza.

Safari hii, tenda ilipotangazwa tena, alishuka Voi kuuliza, akiwa na bahasha ile na kikapu cha kabichi. Alikwenda dukani kwa Mama Mutindi, Mkamba aliyeipelekea hospitali hiyo maharagwe kwa miaka minne. Watu walimsifu sana. Siku daraja lilipochukuliwa na maji, alivusha magunia kwa punda, na wagonjwa wakala kwa wakati.

"Karibu, Mtaita," alisema Mutindi. "Umeleta kabichi au umeleta haya yako?"

"Nimeleta zote mbili, mama."

Mutindi alicheka, akamvutia kigoda. Aliichukua ile bahasha ya mwaka jana na kuigeuza. Nyuma yake palikuwa pameandikwa: Kutoka kwa Mable wa Donald, Mwanda. Nawasalimu wote ofisini.

"Kosa ndilo hili. Nani alikuambia uandike jina nje?"

"Kwetu barua isiyo na jina ni ya mchawi. Mtu mwema hujitaja kabla hajaingia."

"Mlangoni mwa jirani, sawa. Kwenye tenda, hapana. Bahasha zote zinaingia katika sanduku moja lenye kufuli. Nje andika namba ya tenda na kazi yenyewe, basi. Zinafunguliwa siku moja, mbele ya watu. Asiyejulikana hapendelewi wala haonewi. Jina liweke ndani. Salamu, zipunguze."

Alifungua bahasha, akasoma. "Na hapa umetaja bei ya kikapu. Kikapu cha nani?"

"Changu. Nakijaza mpaka kinatoa kilima, kwa heshima."

"Hospitali haipimi heshima, mwanangu. Inapima kilo."

Mutindi alipima kikapu cha Mable kikiwa kimejaa hadi mdomoni tu. Kisha akaongeza kile kilima cha juu. Mable aliutazama mshale wa mizani ukipanda. Kilima peke yake kilikuwa kilo sita. Miaka yote hiyo alikuwa akizigawa bure.

"Sasa jambo gumu," alisema Mutindi. "Utaleta kila Jumatatu na Alhamisi, jua liwake, mvua inyeshe? Ukiahidi kisha ukashindwa, kazi atapewa mwingine."

Mable alihesabu kwa vidole. "Peke yangu siwezi. Tukiwa majirani sita, tukipanda kwa zamu, tunaweza."

"Hapo umesema kama mfanyabiashara. Andikisheni kikundi, mchukue leseni. Ofisa wa biashara kule Wundanyi atawaonyesha fomu. Muulize usichojua, ndiyo kazi yake. Na kila mzigo ukipokelewa, dai karatasi yenye sahihi. Ihifadhi."

"Mama, kwa nini unanifundisha?"

"Nami kuna aliyenifundisha. Tena wagonjwa wamechoka kula maharagwe yangu matupu."

Nyumbani, Mable alimwambia mumewe neno alilokuwa ameliogopa. "Baba Jedidah, ningojee mpaka sanduku la tenda lifunguliwe."

Donald alilitazama sanduku lake mlangoni. "Nitangoja siku hiyo tu."

Siku hiyo ilipofika, kikundi kikiwa kimeshaandikishwa na bahasha yao imo sandukuni, waliketi nyuma kabisa, katika ukumbi wa serikali huko Wundanyi. Mfanyabiashara mmoja mwenye malori mawili alileta bahasha baada ya saa nne, saa ya mwisho. Ilikataliwa.

"Kumbe sheria ni moja," Donald alinong'ona.

Bahasha zilifunguliwa moja moja, jina na bei vikasomwa kwa sauti. Kikundi cha Mwanda kiliposomwa, Mable alitazama sakafu. Donald alimgusa kiwiko. "Inua kichwa. Ni wewe huyo."

Wiki tatu baadaye barua ilifika. Walikuwa wamepata kazi.

Jumatatu ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri. Majirani sita walibeba kabichi hadi barabara kuu, Donald akapanda na mzigo katika gari la kukodi. Mable alishinda nyumbani akisikiliza mvua.

Donald alirudi jioni, amelowa chapachapa. Ndani ya kofia yake mlikuwa na karatasi kavu yenye sahihi ya mtunza stoo. Alitafuta mahali pa kuiweka. Kisha akafungua sanduku la bati, akatoa mashati yake na kuyatundika ukutani. Akailaza karatasi ndani.

"Na Mombasa je?" Mable aliuliza.

"Alhamisi nina mzigo," Donald alisema, akafunga kifuniko.