Gramu Sitini na Sala Ndefu

"Kwani chakula alichotupatia Mungu nacho huhesabiwa?"

Swali hilo Mama Donald, jirani yao wa Kaloleni mjini Voi, aliliuliza siku moja tu, tena akicheka, akiwa amesimama mlangoni na sufuria aliyokuja kuazima. Hakuwa na ubaya. Alimkuta Eddah akiweka kipande cha muhogo juu ya mizani ndogo na kuandika kwenye daftari, akashangaa. Lakini Eddah, msichana wa miaka kumi na miwili, aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Tangu siku hiyo akaanza kuhesabu kwa kujificha.

Kuhesabu kwenyewe hakukuwa kwa kupenda. Mwaka uliopita Eddah alipatikana na kisukari, ile aina ambayo mwili huacha kabisa kutengeneza insulini. Hakuna kosa alilofanya wala peremende alizokula. Ugonjwa ulikuja tu. Basi kila asubuhi hupima sukari ya damu, huhesabu wanga ulio katika kiamsha kinywa chake, kisha hujichoma insulini inayolingana na wanga huo.

Nesi Nthambi wa kliniki ndiye aliyemfundisha, na kwa subira kweli. "Usidanganywe na ulimi," alimwambia. "Uji usiotiwa sukari una wanga. Muhogo una wanga. Slesi moja ya mkate, gramu kumi na tano. Yai la kuchemsha, hakuna kitu. Na ukishajichoma, kula. Insulini haijui kungoja, hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu."

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, Eddah alipanda milimani, Mbololo, kwa nyanya yake, Nyanya Risper. Huko kulikuwa na furaha. Nyanya alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho. Mwaka mzima alikuwa akitambua watu kwa sauti zao, na sasa alitia uzi kwenye sindano mwenyewe. Akasema hawezi kula furaha hiyo peke yake. Akawaita jamaa na wazee wa kanisa waje Jumamosi asubuhi, wale kiamsha kinywa cha shukrani.

Nyanya alijua habari za kisukari. Wengine hawakujua, kwa kuwa Eddah alimsihi mama yake asimwambie mtu. Mama naye angefika mchana, baada ya zamu yake hotelini.

Asubuhi hiyo jikoni kulikuwa na uji wa mtama, mayai na sufuria kubwa ya mihogo ya kuchemsha. Eddah alichukua kipande chake, akazunguka nyuma ya ghala na mizani yake.

"Wee Eddah!" binamu yake Abby akaita. "Umepotelea wapi na muhogo wetu? Unaunong'onezea?"

"Naja!"

Alijipima. Sukari ilikuwa sita nukta mbili, vizuri kabisa. Muhogo, gramu thelathini za wanga. Kikombe cha uji, thelathini nyingine. Jumla sitini. Kwa kipimo alichopewa kliniki, yuniti moja kwa kila gramu kumi na tano, alihitaji yuniti nne. Akajichoma tumboni kwa sindano yake ya kalamu, akaificha mfukoni, akarudi mbio kuketi kwenye mkeka na watoto wenzake. Sahani zilikuwa zimeshapangwa. Alijua wataanza kula mara moja.

Ndipo Mzee Mwandawiro alipoombwa abariki chakula.

Nyumbani kwa Nyanya Risper hakuna aliyegusa sahani kabla ya amina, na mtoto ndiyo kabisa. Na Mzee Mwandawiro hakuwa mtu wa sala fupi. Alianza na pambio, wote wakaimba beti zote. Kisha akashukuru kwa mvua, kwa barabara, kwa daktari wa macho, kwa muuguzi aliyemshikia daktari taa. Akawaombea jamaa wa Mombasa, akaingia kwa wale wa Taveta, mmoja mmoja kwa majina. Uji ukaanza kuota ngozi juu.

Eddah alihisi vidole vikitetemeka. Akavikalia. Midomo ikawa kama si yake, na sauti ya Mzee ikawa inatoka mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Alijua ni nini. Sukari ilikuwa inashuka. Glukosi yake ya kupandisha sukari ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye mkoba. Muhogo ulikuwa hapo mbele yake, umbali wa mkono tu.

"Nikiugusa watasema nini?" alijiuliza. "Watasema watoto wa mjini hawana adabu. Wataniuliza mbele ya watu wote." Akafumba macho, akaomba sala iishe.

"Na tunamkumbuka pia shemeji yetu Kituku," Mzee akaendelea, "pamoja na ng'ombe wake..."

Watu wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa Nyanya Risper. Tangu aponywe, Nyanya alisali macho wazi. Alisema ameyafunga vya kutosha. Basi aliona jasho juu ya mdomo wa mjukuu wake, asubuhi ya baridi ambayo watu wazima walikuwa wamejifunika leso. Akaona kichwa cha mtoto kinayumba.

"AMINA!" akasema kwa sauti kubwa.

"Amina," watu wakaitikia kwa mazoea.

"Lakini mama, sijamaliza," Mzee Mwandawiro akasema.

"Bwana amesikia, Mzee. Mtoto anaanguka. Abby! Maji nusu kikombe, sukari vijiko vitatu, koroga. Kimbia!"

Nyanya alimshikia kikombe, Eddah akanywa yote kidogo kidogo. Kisha akapimwa kidoleni: mbili nukta tisa, chini mno. Hakuna aliyekula. Baada ya dakika kumi na tano wakapima tena: nne nukta nane. Mikono ikatulia. "Sasa kula," Nyanya akasema, na Eddah akaula muhogo ule na kuunywa uji, watu wote wakimtazama kama wanaotazama jua likichomoza.

"Mtoto ana nini?" Mzee Mwandawiro akauliza taratibu.

Nyanya alimgeukia Eddah. "Waambie mwenyewe, mama."

Eddah akawaambia: kisukari, sindano, gramu, mpaka mizani ya nyuma ya ghala. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, baadaye ikanyooka.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaunong'onezea muhogo!" Abby akasema. "Si ungeniambia? Ningekusaidia hizo hesabu."

"Wewe? Uliyepata kumi na mbili kwa hamsini?"

Watu wakaangua kicheko, na Eddah akacheka nao, machozi yakimtoka.

Nyanya Risper akamshika mkono. "Nisikilize, mjukuu wangu. Hesabu yako ilikuwa sawa. Gramu sitini, yuniti nne, hata nesi angekupa alama zote. Kosa lilikuwa kuificha. Ungenong'ona tu, 'Nyanya, nimeshachoma,' ningekupa chakula hapo hapo. Kumheshimu mkubwa si kukaa kimya huku unakufa. Na hiyo insulini ni ya kumshukuru Mungu, kama macho yangu. Mimi macho yangu nimeyaitia watu, wewe dawa yako unaipeleka nyuma ya ghala! Kuanzia leo utapima chakula hapa mbele yetu, na utajichoma sahani ikiwa mkononi na amina imeshasemwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, nyanya. Asante."

"Asante ni kwa Mungu. Kula yai, hilo halina hesabu."

Wakala wote, mihogo ikiwa baridi na hakuna aliyelalamika. Chai ya saa nne ilipoletwa na mihogo iliyobaki, Eddah aliweka mizani katikati ya mkeka, na Abby akasoma namba kwa sauti kama mtangazaji. Mzee Mwandawiro aliinama kutazama, akauliza kipande cha muhogo wake kina gramu ngapi, akaambiwa, akatikisa kichwa.

Vyombo vilipoondolewa, ikabaki sala ya kufunga, na ya kufunga pia ilikuwa ya Mzee. Watu wakainamisha vichwa na kujiweka vizuri, kila mtu akitafuta mahali pa kuegemea.

Mzee Mwandawiro alisimama. "Bwana, asante kwa macho ya mama huyu. Asante kwa uhai wa mtoto huyu. Amina."

Watu walibaki wameinama, wakingoja yaliyobaki. Mzee akachukua kofia yake, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Eddah, akatoka.