Chai ya Kijani ya Katibu Ishengoma

Celina alikuwa akigeuza majani ya chai kwenye kikaango kikavu, mtoto mgongoni, na mumewe amemsimamia kama bwana shamba.

"Polepole," alisema Ishengoma. "Yasiwe meusi. Yakiwa meusi nguvu imetoka."

Ilikuwa asubuhi tulivu ya mwaka 1974, katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Muleba. Ukungu ulikuwa ukiondoka migombani, kahawa imeanza kuiva, na Clavery, mtoto wa miezi mitatu, amelala bila shida. Aliyepita njiani angesema hii ni nyumba yenye heri. Ilikuwa hivyo kweli hapo awali, mpaka siku ya mkutano wa kijiji.

Siku ile Ishengoma, ambaye ndiye katibu, alikuwa akiwalaani wanyonyaji. Byarugaba, mpasua mbao, akainua mkono.

"Ndugu Katibu, hilo tumbo ni mali ya kijiji au mali binafsi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu mwenye akili angecheka nao, kisha akashika jembe. Ishengoma alipanda basi kwenda Bukoba. Huko alikutana na Buberwa, mtu aliyewahi kufagia kiwanda cha chai kwa miezi miwili na kutoka humo akiwa daktari.

"Chai nyeusi imekufa," Buberwa alimweleza. "Ya kijani iko hai. Inayeyusha mafuta, inasafisha damu, inaongeza akili. Vikombe vitano kwa siku, na chakula upunguze sana."

Ndugu msomaji, yatazame maneno hayo ya mwisho. Asiyekula hukonda hata akinywa maji ya mvua. Katibu hakuyatazama. Alirudi na maarifa yake, akaanza kuchuma majani katika shamba la chai la kijiji.

"Na wewe utakunywa," alimwambia mkewe.

"Mimi? Nanyonyesha, Baba Clavery."

"Mke wa katibu hawezi kunenepa. Watasema chakula cha kijiji kinaishia hapa."

Kwetu mama aliyejifungua hulishwa. Hupikiwa ndizi laini na nyama, hupewa mchuzi, hakai na njaa. Celina alikuwa amenawiri kama inavyotakiwa, na mumewe akauona unono ule kama doa kwenye jina lake. Akaamuru ndizi ziliwe mara moja kwa siku, na nyakati nyingine zote iwe chai. Celina alitii. Alipenda kuitwa mke wa katibu, na kupenda huko kulimponza.

Kila Jumapili baada ya misa, Ishengoma alijizungushia kamba ya mgomba tumboni na kufunga fundo pale ncha ilipofika. Alivuta pumzi ndani mpaka macho yakamtoka.

"Limepungua!"

Celina alinyamaza. Yeye ndiye aliyefua mashati yake. Katibu alishinda kwenye mikutano Muleba, na mikutano ile ilikuwa na nyama, samaki wa kisiwa cha Bumbire na rubisi, pombe ya ndizi. Mashati yalirudi yakinuka vyote vitatu.

Kisha Clavery akaanza kulia usiku na mchana. Aling'ang'ania titi, akaliacha, akalia tena. Celina alikata kipande cha kamba kama ile, akauzungushia mkono wa mtoto, akafunga fundo. Juma lililofuata fundo lilipwaya. Akafunga jingine. Juma la nne yalikuwa mafundo manne, na mtoto hakuwa amevuta pumzi ndani.

Siku ya fundo hilo la nne Kokugonza, mama yake Ishengoma, alifika kutoka Kagondo na mkungu wa ndizi. Alimpokea mjukuu, akampima uzito kwa mikono.

"Mkamwana, huyu anakula nini?"

"Ananyonya, mama."

"Ananyonya nini?"

Celina aliangua kilio. Ishengoma akaingilia. "Mama, hii ni dawa. Buberwa wa Bukoba ana utaalamu wa..."

"Buberwa huyo nimempita stendi ya Muleba sasa hivi. Anakula maandazi, mashavu yamefunga macho."

Celina alijifuta uso. Akaingia ndani, akatoka na kamba mbili, ndefu na fupi, akaziweka mezani.

"Jipime, Baba Clavery, mama akiwepo. Na upumue."

Katibu alitafuta mkutano wa kukimbilia, akakosa. Akajizungushia kamba, akapumua. Ncha haikulifikia hata fundo la kwanza.

Kokugonza aliiokota ile fupi, akayagusa mafundo moja moja.

"Kumbe kazi ya kukonda ulimwachia mtoto," alisema.

Wanawake wawili walimbeba Clavery mpaka zahanati. Mganga alimkagua, akamkagua na mama yake. "Mmemuwahi. Huyu hana ugonjwa, ana njaa. Mlisheni mama, maziwa yatarudi."

Jioni walikaa jikoni wakimenya ndizi za ule mkungu. Clavery alikuwa amenyonya kidogo na kusinzia. Ishengoma alisimama mlangoni.

"Labda majani tuliyakausha kupita kiasi," alisema.

Sufuria ilikuwa imejaa, na nusu ya mkungu ilikuwa bado.

"Zifunike kwa majani, mkamwana," alisema Kokugonza. "Hizi tutazimenya kesho."

FUNZO

Ndugu zangu, chai ya kijani si sumu. Ni chai. Anayeipenda ainywe, kisha ale chakula chake na kulima shamba lake. Haijui kuyeyusha tumbo la mtu anayelijaza kila siku, wala haiwezi kumlisha mtoto. Mama anayenyonyesha asinyimwe chakula kwa sababu ya fahari ya mumewe, na akinyimwa asinyamaze kama Celina alivyonyamaza majuma manne. Na mtu akikuletea majani ya kukufanya uache kula, muulize kwanza yeye amekula nini leo.