Upepo Uliomezwa na Turbo

Kavira alizima moteri, akachomoa ufunguo, na turbo ikaendelea kupiga mluzi.

Si ajabu turbo kulia kidogo gari likishazimwa. Feni yake ya ndani huzunguka mpaka ichoke. Lakini hii haikuchoka. Kavira alinawa mikono, akamenya viazi, akabandika sufuria motoni, na mluzi ulikuwa bado unatoka chini ya kapo, kile kifuniko cha moteri, mwembamba, kama wa mtu anayeita mbwa kutoka mbali.

"Apollinaire," alimwita mume wake kwa sauti ya chini. "Kuja usikie."

Apollinaire alisimama mlangoni mwa garaji yao ya Vulamba, akatega sikio. "Ni upepo tu."

"Upepo uko inje. Hii iko ndani."

Ile Land Cruiser ya mazutu, yaani ya dizeli, haikutoka kiwandani na turbo. Kavira ndiye aliyeifunga, kutoka kwenye lori lililokufa, na aliifunga kwa sababu ya vita. Miaka ile vilima vya kati ya Butembo na Beni vilikuwa na watu wenye bunduki, na gari lililopanda likihema lilikuwa chakula chao. Kavira na mumewe walibeba wagonjwa. Basi aliipa moteri hewa zaidi, akaiongezea na mazutu ya kulingana na hewa hiyo, akajaribu, akapunguza, akajaribu tena, mpaka moshi mweusi ukakoma na sindano ya presio, ile ya kupimia msukumo wa hewa, ikasimama pale alipotaka. Kupita pale, moteri ingepasuka. Akafunga visi ya presio, skrubu ya kuirekebisha, kwa waya ili isisogee.

Asubuhi iliyofuata mluzi ule, waya ulikuwa umekatika na visi imekazwa zaidi. Aliirudisha. Ikakazwa tena.

"Ni weye?" alimwuliza mume wake.

"Sijagusa kitu. Mungu anaona." Apollinaire akasogea karibu, kana kwamba gari lingewasikia. "Mais kuna kitu sikukuambia. Siku ile ya ukungu, kule juu nyuma ya Maboya, moteri ilikohoa. Ilikuwa kama mutu anameza kitu kikubwa. Kisha gari ikapata nguvu, nguvu ya kuogopesha."

"Na harufu hii ya nywele ya kuungua?"

"Ilianza siku ile ile."

Kavira alitazama mdomo wa chujio la hewa, ule unaovuta upepo wa barabarani. "Donc tulimeza kitu chenye haitakiwe kumezwa," alisema.

Alitaka kuifungua turbo yote siku hiyo hiyo. Lakini kabla hajachukua spana, watu walikuja mbio kutoka Vuhovi: Débora, mwanamke wa mimba yake ya kwanza, uchungu ulikuwa umemkamata tangu jana na mtoto hashuki. Alitakiwa kufikishwa hospitali ya Beni. Gari lingine halikuwapo. Kavira alirudisha visi mahali pake, akaifunga kwa waya mnene, akapanda mbele pamoja na mumewe aliyeshika usukani. Gari lile hakuthubutu tena kulikabidhi kwa mtu peke yake.

Nyuma alilala Débora, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake, Mama Jokébed, kiongozi wa wamama wa maombi kanisani kwao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuziba masikio.

Walipoanza kupanda kilima ilikuwa saa nane ya mchana. Mvua ilikuwa imekatika. Ukungu ulishuka kutoka kwenye migomba, ukalala barabarani, na sindano ya presio ikaanza kupanda yenyewe, mguu wa Apollinaire ukiwa hata haujakanyaga, ikapita alama ya Kavira, ikaendelea, na mluzi nao ukapanda pamoja nayo mpaka meno yakauma, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ndani wakakohoa wote, na katikati ya mluzi ule, polepole, kama mtoto anavyojifunza kuunganisha silabi, likaumbika neno, likarudiwa, likarudiwa tena, mpaka hakuna aliyeweza kujidanganya kwamba hakulisikia: *Ongeza.*

"Mama," Débora alinong'ona, "ni nani anasema?"

Mama Jokébed alimziba masikio kwa viganja, akaanza kuomba chini chini.

*Ongeza,* ilisema ile sauti. *Nipe pumzi ya kwanza ya mutoto. Nitawapitisha, hata masasi ya bunduki haitawagusa.*

Apollinaire alikuwa analia bila sauti, mikono imeganda kwenye usukani. "Kavira, tukubali tu. Bale batu ya bunduki wako hapa juu."

"Kubali na pumzi yako," Kavira alisema. "Ya mutoto haiko yako. Simamisha gari."

"Hapa?"

"Hapa hapa!"

Apollinaire alikanyaga breki. Akazima ufunguo. Moteri ikaendelea kunguruma, gari zima likitikisika kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kavira alishuka na spana zake katikati ya ukungu, mahali ambapo hakuna aliyesimama kwa hiari yake mwaka ule, akafungua kapo.

Tiyo, bomba la hewa kutoka turbo kuingia moteri, ilikuwa imevimba kama shingo ya nyoka aliyemeza. Alishika kibano chake cha moto na ngozi ya vidole ikabaki pale. Alipiga kelele, akashika tena.

*Nitakula pumzi yako,* ilisema sauti, karibu na uso wake.

"Kula basi! Uliingia bila hodi, unataka nikubembeleze?" Kavira alizungusha. "Mama Jokébed! Shuka! Mbona unaombea ndani?"

Mama Jokébed alishuka. Aliogopa waziwazi, kitenge chake kilikuwa kimelowa, lakini alikuja akasimama ubavuni mwa Kavira, akaweka mkono juu ya kapo, na ile sauti ya kuziba masikio ikatoka. "Kwa jina la Yesu, toka! Mutoto ni yetu! Toka!"

Kibano kikaachia. Tiyo ikaruka na kishindo, kilemba cha Mama Jokébed kikapeperuka, migomba ya upande wa pili wa barabara ikalala chini yote pamoja, na moteri ikafa.

Kimya.

Kavira alisikia pumzi zake mwenyewe. Bila presio, mazutu yale yangekuwa mengi, yangetoa moshi wa kuwaonyesha kwa kila mwenye bunduki na kuyeyusha pistoni. Akageuza visi ya pompe ya mazutu kwa vidole vilivyochunika, akapunguza, akasikiliza, akapunguza tena. "Washa."

Gari lilipanda polepole kama ng'ombe mzee. Hakuna bunduki iliyolia. Kule Beni, upande wa Ruwenzori, Débora alizaa mtoto wa kike, mkimya, wa rangi ya majivu. Muuguzi alimgeuza, akamsugua mgongo, akamsugua tena. Kavira alisimama mlangoni na vidole vyake vimefungwa bendeji. Mtoto akalia. Alilia kwa hasira.

Siku ya kurudi, kule kilimani, Kavira alimwambia mumewe asimame. Apollinaire alikataa, kisha akasimama. Pale walipoifungulia tiyo majani yalikuwa yamekauka kwa duara, na ndani ya duara ndege wadogo walikuwa wamelala, wengi, midomo wazi. Hakuna jani lililotikisika.

"Iko hapa," Apollinaire alinong'ona. "Twende."

Kavira aliteremsha kioo chote. Akavuta pumzi ndefu ya mahali pale, mpaka kifua kikajaa, akaishikilia, kisha akaitoa taratibu, macho yake kwenye lile duara.

"Ulisema utakula yangu. Ona, iko bado," aliliambia duara, kisha akamgeukia mumewe. "Sasa twende."