Uji wa Mzazi kwa Mama Mwanasiti

Ndoo ilikwaruza saruji ya uani kabla ya adhana ya alfajiri. Mwanasiti aliruka kitandani akatoka. Alimkuta mama yake ameinama, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine tumboni.

"Nimekuona umechoka, mwanangu," mama alisema. "Nikasema nijaribu."

Mama alikuwa ametoka hospitalini juma lile. Ovari zake zilikuwa na uvimbe, na daktari alizitoa zote mbili pamoja na mirija yake. Alimkataza kuinua kitu kizito mpaka apone vizuri. Sasa bandeji ilikuwa na damu. Mwanasiti alimrudisha ndani, akamlaza.

Mtaani kwao, Makorora, mtu akipasuliwa, majirani hupeana zamu ya kumtekea maji na kumpikia. Lakini bombani Precious, msichana wa jirani, alikuwa ameuliza mama anaumwa nini, na wasichana wengine wakacheka kwamba labda kaenda kuleta mtoto. Mwanasiti aliona haya kutaja ovari mbele yao. Akajibu kwamba ni malaria, na ameshapona. Basi hakuna aliyekuja.

Alikimbilia nyumba ya pili, kwa jirani yao mzee, Bi Khadija.

"Shikamoo, bibi. Nilidanganya. Mama hakuwa na malaria. Amepasuliwa tumbo, na anatoka damu."

"Marahaba. Nipe kanga yangu ile."

Bi Khadija hakumgombeza. Aliita bajaji, wakampeleka mama hospitalini. Muuguzi aliutazama mshono, akasema umeachia kidogo juu tu, akausafisha na kuufunga upya. Waliporudi, Bi Khadija alipika uji wa pilipili manga, ule wanaopikiwa wazazi waliotoka kujifungua.

Mama aliinamisha kichwa. "Huu uji wa mzazi, Bi Khadija. Mimi sikuzaa, wala sitazaa tena."

"Tumbo lililopasuliwa haliulizi limetoa mtoto au uvimbe. Lataka kulelewa. Kunywa."

Bi Khadija aliwapa majirani habari, na jioni ndoo zote zilikuwa zimejaa. Precious alileta mbili, akanung'unika kwamba angeambiwa mapema angekuja tangu juzi.

Bi Khadija alimketisha Mwanasiti karibu naye. "Ovari ni kiungo kama jicho, mjukuu wangu. Kuugua si aibu. Ila ukiuficha ugonjwa kwa uongo, unawafungia mlango wanaotaka kukusaidia."

Mama alikomba uji uliobaki, akarudisha bakuli.

"Kesho uje tena, Bi Khadija," alisema. "Hata bila uji."